"Chanzo: Mikrofishi" NDIO NINI SASA? Ukoo mzima tumepigwa

Wakuu naombeni niteme nyongo humu kabla sijaitema kwenye kikao cha ukoo nikaonekana sina adabu.

Tulichanga buku kumi kumi, baba mdogo mmoja anayejifanya mtaalamu wa nyaraka atutafutie babu yake babu alitokea wapi, maana wengine wanasema kisiwa cha Kome wengine Ukerewe na hapo katikati kuna shamba (mnaelewa). Kaleta PDF ya kurasa 22, mti wa ukoo umepakwa na rangi, kila jina lina mwaka. Ukishuka chini kwenye chanzo unakuta neno moja, "Mikrofishi". Ukurasa wa kwanza mikrofishi, wa ishirini mikrofishi.

Jamani mikrofishi sio chanzo! Ni kiplastiki saizi ya postikadi kama negativu za picha za zamani, kimepigwa picha kurasa za kitabu zikaminywa humo, na kimoja cha kawaida kinabeba mpaka kurasa 98, mistari 7 ya picha 14 14. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba Mwaloni, Mwanza, nikikuandikia kwenye risiti "spea: imetoka dukani" si utanipiga na pangaboi?

Nikasema isiwe tabu nikahakiki mwenyewe. Basi mpaka Dar, kilometa zaidi ya 1,100, miguu imevimba, nafika ofisi ya nyaraka, dada ananiuliza kwa upole kaka unataka mikrofishi namba ngapi, nikabaki namtolea macho. Siku mbili nimekaa kwenye ile mashine ya kuzisomea, unasukuma kushoto picha inakimbia kulia, maandishi meupe kwenye weusi, macho yanatoa machozi. Nikaja kuangukia ukurasa mmoja tu wa ubatizo, kwa bahati. Baba mdogo kaandika 1893, mi naona 1898, pale pana mkwaruzo huwezi kujua ni 3 au 8. Sasa angesema ni kitabu gani, cha misheni ipi, ukurasa na namba ya mbatizwa, tungeomba kitabu chenyewe tukaangalia wino. Halafu ndio aseme kaiona kwenye mikrofishi namba fulani, picha ya ngapi, inatunzwa wapi, kaiona lini. Na namba aseme ni ya ofisi ipi, maana nakala ya kitabu hichohicho ikiwa sehemu nyingine inaweza kuwa na namba tofauti kabisa.

Kilichoniua zaidi, kasahihisha majina! Mjerumani aliandika Muansa, Schirati, yeye kaweka Mwanza, Shirati, na jina la babu kalinyoosha likawa la kisasa, sasa wewe mjukuu unatafuta jina ambalo kwenye kitabu halipo. Nakili kilivyoandikwa, maoni yako weka pembeni, ugumu uko wapi?

Nimemuuliza kwenye grupu kwa heshima zote, shikamoo baba mdogo, naomba namba za hizo mikrofishi. Kanijibu "we kaa na injini zako". Mashangazi wakaweka emoji za kucheka.

Jana usiku katupia PDF ya pili, upande wa bibi. Nimeshuka moja kwa moja kwenye chanzo. "Mikrofishi nyingine."