Tupeane uzoefu: Ulijinyima nini ili rafiki yako avuke?

Mtoto wa Kirumba: Mwangaluka wakuu. Leo nimepita Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, nikamkuta jamaa anatembeza baiskeli yake anaiuza, rafiki yake kalazwa na hapa mjini hana ndugu. Imenikumbusha mengi. Nyie mmeshawahi kutoa kitu kilichowauma kwa ajili ya rafiki? Hela ya vocha haihesabiki. Tiririkeni.

Furu Mkavu: Mimi nilitoa damu. Nesi akanirudisha kwanza nikanywe chai, alisema naonekana mgonjwa kuliko mgonjwa.

Dada wa Nyegezi: 😂😂 Ila wanaume kila miezi mitatu unaweza kutoa, sisi minne. Msisubiri mpaka rafiki aumwe.

Kasia Moja: Ngoja nami niseme. Mwaka 2018 operesheni ya nyavu haramu ilipopita, rafiki yangu wa Igombe alichomewa nyavu zote. Za mkopo. Yeye alikuwa anavua sangara, mimi dagaa, nina mtumbwi na injini ya Yamaha ya farasi 15 niliyoinunua kwa kuruka milo. Wenye mkopo wakaanza kupiga hodi alfajiri, wanataka kiwanja chake. Mke wake mjamzito, anakaa mlangoni anawaambia mume kasafiri, na mume yuko uvunguni.

Nilimwona anatoka pale na utando wa buibui kichwani. Sikuongea kitu. Nikashuka mwaloni kwenye mtumbwi wangu, nikalegeza zile skrubu mbili, tukaibeba mashine begani mpaka kwenye bajaji, mafuta yananichuruzikia mgongoni. Mnunuzi aliniona nina haraka akanilalia bei.

Sasa subiri giza liingie. Wenzako wanawasha taa wanatokomea huko mbali kwenye dagaa, wewe unapiga kasia hapo hapo karibu na mawe. Vijana wangu wakahamia kwa tajiri mwingine, siwalaumu. Mwisho nikawa kibarua kwenye mtumbwi wa mtu, mimi niliyekuwa naitwa bosi. Mke wangu alininunia mpaka mbalamwezi ikaisha.

Kiwanja kilipona. Jamaa hajamaliza kunilipa mpaka leo, ila kila giza la mwezi likianza naona ndoo ya dagaa mlangoni.

Mzee wa Rula: Pole, lakini tuambizane ukweli. Kama zilichomwa basi zilikuwa timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, na timba ni haramu, kila mtu ziwani anajua. Sangara wa chini ya sentimita 50 mnawamaliza kabla hawajazaa, halafu mnalia ziwa limekauka.

Kasia Moja: Mzee, uzi ni wa urafiki. Ungekuwa wa nyavu ningekualika.

Mzee wa Rula: Nimeshajialika.

Mkazi wa Igoma: Mzee ana hoja, ila yule mama mjamzito hakusuka timba. Tuendelee.

Mama Chanja: Nyie mnazungumzia mashine, mimi nilimdhamini shoga yangu mkopo wa kikundini. Mwanawe alitakiwa apasuliwe, na marejesho ya nyuma alikuwa hajamaliza, hivyo hakuna aliyetaka kusimama naye. Nikasimama. Msimu ule mvua ikatuandama, dagaa wakalowa kwenye chanja wakaanza kunuka, tukawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Asubuhi moja nagonga kwake, chumba kiko wazi, kimebaki kipande cha fagio. Kumbe kashavuka, yuko kisiwa cha Kome!

Kikundi kikaja kwangu na mkokoteni. Friji, godoro la wageni, hadi sufuria la ubwabwa. Mwenyekiti, ambaye naimba naye kwaya, ndiye anaandika orodha, tena ananiuliza mfuniko uko wapi.

Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Sasa juzi mama yake kanipigia: "Shoga, huku kuna kikundi kipya, wanataka mdhamini wa mjini."

Furu Mkavu: WEEEEE

Dada wa Nyegezi: Ukamjibuje?? Usituache hapa!

Kausha Damu Survivor: Kudhamini ni kulipa, sema unalipa taratibu. Mimi rafiki akikwama nampa kile ambacho sitakidai.

Mkazi wa Igoma: Hapana, mkopeshe ila muandikishane kwa mtendaji wa mtaa, na mashahidi.

Kasia Moja: Yaani mtu yuko uvunguni umvute mguu mwende kwa mtendaji?

Mzee wa Rula: Angekuwa na leseni asingekuwa uvunguni.

Mtoto wa Kirumba: Mzee jamani 🙌 Mama Chanja, ulimjibuje?

Mama Chanja: Nilimwambia anipe mtoto niongee naye. Yuko darasa la tano, ananiita mama mkubwa, anauliza naenda lini. Nikakosa la kusema. Udhamini sijakubali, sijakataa.

Kausha Damu Survivor: KATAA.

Furu Mkavu: Nenda ukadai friji. Siku hizi hakuna kusubiri pantoni Kigongo, daraja limefunguliwa tangu Juni 2025. Unapita Sengerema mpaka Nyakaliro, pale unapanda kivuko cha Kome.

Mama Chanja: Njia naijua. Nauli anatoa nani?