Mrejesho: michezo ya watoto wa miaka 3 na 6, Nkuhungu, Dodoma

Wakuu, niliomba ushauri likizo hii niwape nini wanangu wawili wasishinde kwenye katuni, na kama tuisheni inawafaa. Asanteni, hasa dada aliyesema tuisheni niiache kwanza.

Mkubwa (6) nimemfundisha bao. Mashimo nimechimba uani, kete ni mbegu za ubuyu. Anasambaza huku anahesabu kwa sauti, akipotea anazirudisha na kuanza upya. Kujumlisha kumekolea kuliko kwenye daftari. Siku hizi ananiibia kete waziwazi, nikimshika anacheka.

Mdogo (3) ndiye alikuwa kazi. Mbegu simpi, bado kila kitu kinaenda mdomoni. Nampa udongo wenye maji, anafinyanga "chapati" na kuwauzia kuku. Kalamu simlazimishi, vidole vitapata nguvu hukohuko. Shirika la Afya Duniani linashauri umri wake apate walau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na skrini isizidi saa 1. Wangu hizo 180 anazimaliza kabla ya uji wa saa nne!

Nani anamjua fundi wa bao la mbao hapa Dodoma? Mvua zikikolea, mashimo yangu yatakuwa madimbwi.