Mrejesho: kasha la redio kwa plastiki ya maji moto

Wakuu, niliuliza humu namna ya kuipatia redio yangu ya FM ya kujiundia kasha bila printa ya 3D. Mkanielekeza ile plastiki ya chembechembe inayolainika kwenye maji moto ya nyuzi 60 hivi na kuwa ngumu tena ikipoa. Asanteni sana, imekubali!

Aliyesema nisizikande chembe mpaka zipoteze weupe na kuwa kama kioo, ushauri wake ni dhahabu. Nilizisukuma kwa chupa iliyolowa maji zikawa bapa, nikazikunjia kwenye kibao cha mbao chenye vipimo vya saketi, nimekipaka mafuta ya kula. Ilipopoa, kibao kikachomoka chenyewe. Matundu ya spika nilitoboa kwa msumari wa moto. Drili ya kasi iliyeyusha kingo, zikang'ang'ania ncha.

Kilichogoma ni upande wa regyuleta, 7805, kile kijipande cha saketi kinachoshusha umeme hadi volti 5. Ikichemka, ukuta unalegea na kubonyea. Gundi ya kuongezea unene haikusaidia, kwa hiyo nimekata dirisha na kuweka kipande cha alumini. Sasa inapiga vizuri, ila kwenye dashibodi ya gari juani siiweki.

Ushauri wenu mwingine, wa kuchanganya rangi kwenye plastiki, bado sijaujaribu.