Baba ana ugonjwa sugu wa mapafu na hataki "kulelewa". Nimsaidieje?

Binti_wa_Kwanza

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Baba yangu ana COPD, ule ugonjwa sugu wa njia za hewa ambao hauponi ila unadhibitiwa. Sigara aliacha zamani. Ana inhela (vile vifaa vya kuvutia dawa mapafuni) mbili, moja ya kila siku asubuhi na jioni, nyingine ya bluu ya kuvuta kifua kikibana. Tangu alipolazwa kwa kubanwa vibaya, dawa natunza mimi, saa namkumbusha mimi, ngazi namkataza, hata kuvaa viatu namvalisha. Juzi akanijia juu: "Mwanangu, mapafu ni yangu. Niachie niyatunze mwenyewe." Akachukua inhela zote mbili akatia mfukoni.

Sasa niko njia panda. Nikimwachia, naogopa atanyamaza mpaka mambo yaharibike. Mara ile alikohoa makohozi ya kijani siku kadhaa huku akisema ni mafua tu. Nikimsimamia, tunagombana. Wenye wagonjwa wa mapafu nyumbani, kazi mnagawanaje?

Pumzi_Fupi

Binti, baba yako ni mimi kabisa, tofauti ni kwamba mimi niko humu jamvini. Nina ugonjwa huohuo.

Nikwambie asichokwambia yeye. Kuulizwa kila mara "unajisikiaje?" kunachosha kuliko kikohozi. Pumzi ya kujibu huna, ukijibu kwa mkato unaambiwa mkali. Kwetu swali ni moja, asubuhi: "Leo kawaida au si kawaida?" Najibu neno moja, yamekwisha. Nikisema si kawaida, tunafungua karatasi.

Karatasi ndiyo iliyotuondolea ugomvi. Ni mpango wa maandishi niliojaziwa kliniki, una rangi tatu. Kijani ni hali yangu ya kila siku, na hali yangu ya kila siku ni pamoja na kukohoa asubuhi, kwa hiyo mtu asishtuke. Njano ni pale makohozi yanapoongezeka au kubadilika rangi, nahema kuliko nilivyozoea, au ile ya bluu naivuta mara nyingi kuliko kawaida. Nyekundu ni kushindwa kumaliza sentensi, midomo kubadilika rangi, kusinzia kusikoeleweka au kuchanganyikiwa. Hapo ni dharura, hakuna mjadala.

Uzuri wake ni kwamba mke wangu hanihukumu kwa macho yake, na mimi siwezi kujificha nyuma ya "ni mafua tu". Makohozi ya kijani yameandikwa pale.

Muuguzi_wa_Kifua

Naunga mkono, na naongeza. Karatasi hiyo ijazwe na anayemtibu, baba akiwepo, na aongee yeye. Dada, kaa pembeni hata kama majibu unayajua. Wapo wagonjwa wanaopewa dawa za akiba za kukaa nazo nyumbani, prednisoloni (vidonge vya steroidi, vya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) na antibayotiki, waanze wenyewe wakiingia njano kisha watoe taarifa. Waulizeni kama inamfaa. Lakini usimnunulie kwa kukisia. Prednisoloni ikimezwa kila mara inapandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

La pili nalipa uzito mkubwa zaidi: mwombe akuoneshe anavyovuta. Usimfundishe, mwombe tu. Wanaovuta vibaya ni wengi ajabu, na wengi wao wametumia inhela miaka. Kama ni ile ya kubonyeza ikatoa dawa kwa mpulizo, aitikise, atoe pumzi nje kwanza, abane midomo, abonyeze huku akianza kuvuta polepole na kwa kina, halafu azuie pumzi kama sekunde 10. Mkono na pumzi visipoenda pamoja, dawa inaishia kooni. Kwa mtu wa hivyo spesa, kile kichupa cha plastiki kinachochomekwa kwenye inhela, ni mkombozi. Spesa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, isifutwe kwa kitambaa. Kama ni ya unga, mambo yanageuka: anavuta kwa nguvu na haraka. Mgonjwa mwenye aina zote mbili huchanganya hapo.

Ile ya kila siku kama ina steroidi, asukutue na kutema kila akimaliza, la sivyo anaweza kupata fangasi mdomoni na sauti ya kukwaruza.

Mtu_Kati

Samahani kuingilia. Hizi inhela mwili si unazizoea? Mjomba alianza na moja, leo anatembea na tatu. Bora baba azitumie akizidiwa tu.

Muuguzi_wa_Kifua

Mkuu Mtu_Kati, mjomba hakuongezewa kwa sababu mwili umezoea. COPD yenyewe huwa inasogea, na matibabu yanaifuata. Inhela ya kila siku kazi yake ni kuzuia. Ukiisubiri uzidiwe ndipo uitumie, umeshachelewa. Kinachotakiwa kututisha ni ile ya bluu kuisha haraka. Kwa wenye pumu ndiyo kabisa: tangu 2019 miongozo ya kimataifa inasema mtu mzima asitibiwe kwa ile ya bluu peke yake.

Mama_wa_Pumu

Wa kwangu ni kijana mwenye pumu, si COPD, ila ugomvi ni huohuo. Tuligawana hivi: kuvuta dawa ni kazi yake, kuangalia kama dawa inakaribia kuisha ni kazi yangu. Inhela nyingi zina kihesabio, nikikisoma najua anavuta au havuti bila kumuuliza. Ana kile kipimo cha kupuliza pia, kinachopima kasi ya pumzi, namba anaandika mwenyewe. Mpango wake unamtaka abaki kwenye asilimia 80 au zaidi ya kiwango chake bora, akishuka chini ya 50 ni dharura. Kipimo hiki sijui kama kwa COPD mnakitumia.

Muuguzi_wa_Kifua

Kwa COPD hakitusaidii sana siku hadi siku, tunafuata zaidi dalili. Hapo kwenye kihesabio umenifurahisha.

Binti_wa_Kwanza

Asanteni sana. Mawili bado. Moja, ngazi na kuoga: anahema mpaka natetemeka mimi, nimwache tu? Mbili, nimemnunulia kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kinasoma asilimia 91 na mimi silali.

Pumzi_Fupi

Mwache apande. Kuhema kwa kupanda ngazi si kuzidiwa, mradi akipumzika pumzi inarudi. Ukimkalisha, misuli ya miguu inanyauka, na miguu dhaifu inadai hewa nyingi zaidi. Kesho yake anahema kwa kwenda chooni. Nimewaona wenzangu wakiishia hivyo kwa kupendwa sana.

Afundishwe ujanja wake. Avute hewa puani, aitoe taratibu kwa midomo iliyokunjwa kama anayepiga mbinja, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Atoe pumzi anapofanya kazi ngumu, yaani anaponyanyua mguu kupanda. Bafuni awekewe kiti, akimaliza avae taulo kubwa la kujifunika mwili mzima badala ya kujisugua. Viatu avae ameketi, mguu auweke juu ya goti ili asiiname. Kifua kikibana, ainame mbele kidogo ameegemea meza kwa viwiko.

Haya yote nilifundishwa kwenye mazoezi ya wagonjwa wa mapafu. Mwulizeni daktari kama yapo mnapotibiwa.

Muuguzi_wa_Kifua

Yapo, na hudumu wiki 6 hadi 8 hivi, kwa kawaida mara 2 kwa wiki. Kwa COPD ni katika tiba zinazopunguza kuhema kweli, na wagonjwa hawaombi kwa sababu hawajui kuwa ni tiba.

Kuhusu 91: kwa baadhi ya wagonjwa wa COPD, hasa wenye hatari ya hewa chafu (kabonidayoksaidi) kurundikana mwilini, tunalenga 88 hadi 92 tunapowapa oksijeni. Kwa hiyo namba inayokunyima usingizi huenda ndiyo kawaida yake. Muulize daktari kawaida yake ni ngapi akiwa mzima, iandikwe kwenye karatasi. Kidole baridi au chenye rangi ya kucha hudanganya mashine. Na kama hakuandikiwa oksijeni, msimpe kwa kukisia. Ikizidi nayo inadhuru.

Chanjo ya mafua makali na ya nimonia amepata? Mmoja humo ndani anavuta sigara?

Binti_wa_Kwanza

Chanjo bado. Sigara... kaka yangu, anavutia dirishani.

Muuguzi_wa_Kifua

Dirishani ni ndani. Atoke nje kabisa.

Binti_wa_Kwanza

Nimerudi na mrejesho. Nilimsomea uzi wote. Kwenye kaka kuvutia dirishani alicheka hadi akakohoa. Amekubali karatasi, kuongea na daktari ataongea yeye, inhela zinabaki mfukoni mwake, kihesabio nasoma mimi. Kijani na njano ni zake. Kwenye nyekundu akasema: "Hapo simu piga wewe. Mimi pumzi ya kuongea sitakuwa nayo."

Muuguzi_wa_Kifua

Mzee anajua mambo. Basi ukipiga, neno la kwanza liwe kwamba ana COPD, kisha kawaida yake ya oksijeni ni ngapi. Karatasi na inhela zote mwondoke nazo.