Siku sita milimani, tatu kwa baiskeli na tatu kwa miguu: je, mazoezi ya baiskeli pekee yanatosha?

Gurudumu_Pole aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mke wangu tunajiandaa kwa likizo ya siku sita milimani. Siku tatu za mwanzo tutaendesha baiskeli zenye mizigo, kati ya kilomita 40 na 55 kwa siku, na siku tatu za mwisho tutaziacha baiskeli mahali salama ili tupande kwa miguu hadi mita 2,900, tukilala njiani usiku mbili kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi. Kwa miezi minne sasa tumekuwa tukifanya mazoezi ya baiskeli bila kukosa, na vilima vilivyokuwa vikitutoa jasho hapo awali tunavipanda sasa huku tukizungumza.

Kinachonipa wasiwasi ni kwamba mwaka juzi, nikiwa na pumzi nzuri kama hii, nilipanda mlima kwa siku moja tu, na kesho yake nikashindwa kushuka ngazi bila kushikilia ukuta. Nililaumu viatu. Je, ni kweli vilikuwa viatu? Na mtu anakadiriaje muda wa kutembea mlimani, ambako kilomita peke yake haielezi chochote?

Mshuka_Taratibu alijibu:

Ndugu, viatu vyako havina hatia. Unapokanyaga pedali, misuli ya paja hufanya kazi huku ikijifupisha, na karibu hakuna wakati ambapo baiskeli inaidai kazi ya namna nyingine. Unaposhuka mlima kwa miguu, misuli hiyo hiyo hulazimika kuubeba uzito wako huku ikirefuka, hatua baada ya hatua, ikiwa ndiyo breki ya mwili mzima. Kazi hiyo ndiyo inayoichana misuli isiyoizoea, na maumivu yake hayaji papo hapo bali huanza baada ya saa kadhaa, yakafikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Jaribu jambo hili leo. Simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, kisha uteremshe mguu wa pili polepole, ukihesabu hadi tano kabla kisigino hakijagusa ngazi ya chini. Weka kiganja juu ya goti la mguu uliosimama nao. Ukihisi paja linatetemeka, hiyo ndiyo kazi ambayo miezi minne ya baiskeli haikuizoesha misuli yako.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka sana. Matembezi machache ya kushuka mteremko mrefu au ngazi nyingi, yakianza wiki tatu au nne kabla ya safari, hupunguza maumivu kwa kiasi kikubwa, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Anzeni na kidogo, na msifanye hivyo katika siku nne za mwisho. Mkiweza, chukueni pia fimbo mbili za kutembelea kila mmoja, kwa maana mikono ikisaidia kushuka, magoti hupumua.

Ningebadilisha mpangilio pia. Siku tatu za miguu mfululizo mwishoni zinaweka mzigo wote mahali pamoja. Njia ikiruhusu, tembeeni siku fupi moja mapema, katikati ya siku za baiskeli, kwa sababu kukanyaga pedali kwa wepesi kesho yake ni namna nzuri ya kuinyoosha miguu iliyokaza.

Saa_na_Ramani alijibu:

Kuhusu muda, kanuni ninayoitumia ni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 14 yenye mita 1,200 za kupanda itachukua saa 2 na dakika 48 kwa umbali, pamoja na saa 2 za mwinuko, yaani karibu saa 5, bila kupumzika na bila kuhesabu mizigo. Mimi huongeza theluthi nzima juu yake. Ondokeni alfajiri, kwa kuwa katika milima mingi mawingu ya radi hujikusanya mchana, na kileleni si mahali pa kuyasubiri. Mkilala mita 2,300 mwili utapata nafasi ya kuzoea. Hata hivyo, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaongezeka, shukeni.

Gurudumu_Pole alijibu:

Nashukuruni sana. Nimejaribu kwenye ngazi na paja limetetemeka kabla sijafika tatu. Mke wangu anauliza kama miteremko ya baiskeli nayo ina hatari yake, kwa kuwa siku ya pili tuna mteremko wa kilomita 11.

Mshuka_Taratibu alijibu:

Mwambie shemeji yetu ameuliza la maana. Msizishikilie breki mfululizo. Zibaneni kwa nguvu kabla ya kona, kisha ziachieni zipoe. Breki zinazobana rimu hupasha joto tairi lenyewe, na chini ya mizigo tairi linaweza kupasuka. Vaeni jaketi na glovu mkiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu fulana iliyolowa jasho pamoja na upepo wa mwendo hutia ganzi vidole, na vidole hivyo ndivyo vinavyobana breki.

Gurudumu_Pole alijibu:

Tumeamua: siku ya tatu itakuwa ya matembezi mafupi, baiskeli itarudi siku ya nne, na Jumamosi hii tunaanza kushuka ngazi.