Tupeane uzoefu: "Maboresho" ya somo la sayansi shule za msingi za mjini yalikukuta wapi?

Chaki Vumbi: Wakuu salaam. Jana nimemkuta mwanangu wa darasa la tatu anakariri "mmea unahitaji maji, hewa na mwanga". Nikamuuliza, mwanga wa kazi gani? Akanijibu, "Hatujafika huko." Nimefundisha sayansi miaka tisa, mtaala umebadilishwa mara tatu mbele yangu, na kila mara ni kitabu kipya na semina ya siku mbili. Walimu, wazazi, mliokuwa wanafunzi, tiririkeni.

Kisanduku Namba Saba: Umenitonesha kidonda mkuu. Sisi tuliletewa visanduku vya vitendo: balbu ndogo, nyaya, betri, lenzi. Mwalimu mkuu akavifungia ofisini visiharibike. Vikakaa miaka miwili. Siku wakaguzi wanakuja ndipo naitwa: mwalimu, leo fundisha kwa vitendo. Watoto 61. Nafungua, betri zote zimevuja, zimeota unga mweupe. Nikapanda kiti, nikachomoa betri ya saa ya ukutani. Saa ikasimama saa nne na dakika kumi.

Nikaikalisha balbu juu ya betri, nikachukua waya kutoka kitako cha betri nikaugusisha kitako cha balbu. Kimya. Waya ukaanza kuniunguza vidole. Nikatangaza kwamba balbu imeungua. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaja bila kuitwa, akanipokonya waya, akaugusisha ubavuni mwa balbu, pale penye chuma. Ikawaka! Darasa likalipuka.

Mkaguzi akanigeukia: "Mwalimu, kwa nini pale iwake na pale pengine isiwake?" Nikamwambia tutaliangalia kipindi kijacho.

Wakuu, nina cheti cha ualimu na sikuwahi kushikishwa balbu chuoni. Kumbe ina milango miwili, kitako na ubavu, umeme uingie huku utokee kule. Mimi nilikuwa napiga hodi mlango mmoja tu, umeme ukapita zake kwenye waya. Nimefundishwa na mtoto wa miaka tisa nikiwa na 34.

Mama Pacha: "Kipindi kijacho" 😂😂😂 Hilo jibu tumelishwa wote.

Nukta Tatu: Saa ilirudishiwa betri?

Mzee wa Takwimu: Hadithi tamu, ila mnalaumu kisanduku bure. Kinachoua sayansi ni mtihani. Marekani sheria yao ya 2002 iliamuru kusoma na hesabu vipimwe kila mwaka, darasa la 3 hadi la 8. Sayansi ikasubiri hadi 2007-08, tena mara moja tu kwa kila ngazi. Mwalimu wa mjini anayedaiwa alama atakata kipindi gani? Jibu unalo.

Chaki Vumbi: Basi dawa ni kuitungia sayansi mtihani kila mwaka?

Mzee wa Takwimu: Sijasema hivyo. Soma vizuri.

Chaki Vumbi: Nimesoma vizuri kuliko ulivyoandika.

Ticha Mstaafu: Vijana tulieni. Georges Charpak, Mfaransa wa Nobel ya fizikia 1992, alipelekwa na mwanafizikia mwenzake wa Marekani, Leon Lederman, kuona shule za mitaa maskini ya Chicago, watoto wakijaribu mambo kwa mikono yao. Akarudi na wazo hilo kwao, na 1996 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikaanzisha La main à la pâte, mpango wa kufundisha sayansi kwa vitendo shuleni. Mtoto anakisia, anajaribu, anaandika daftarini kwa maneno yake, hata akikosea. Na mwalimu haachwi peke yake, wanasayansi humsaidia. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau wakinunua visanduku.

Mama Pacha: Visanduku vyenyewe nani anajaza upya? Kwetu mbegu ziliota mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tulipewa picha ya mbegu.

Lenzi Mbovu: Achaneni na visanduku. Toeni watoto nje, simamisheni fimbo, wachore kivuli kwa chaki kila baada ya saa moja. Hakuna gharama.

Mama Pacha: Na watoto 61? Ukirudi darasani wapo 58.

Lenzi Mbovu: Gawa makundi.

Kisanduku Namba Saba: Ukigawa makundi, mmoja anashika fimbo na wengine tisa wanapigana. Mimi nashauri ujaribu mwenyewe nyumbani usiku wa kuamkia kipindi, ukosee hukohuko.

Mzee wa Takwimu: Kwa mshahara upi wa kukesha?

Ticha Mstaafu: Yule binti aliendelea na sayansi?

Kisanduku Namba Saba: Sijui mzee wangu. Muhula uliofuata nilihamishwa, nikapewa darasa la kwanza. Kisanduku kilirudi ofisini, na funguo anayo mwalimu mkuu.

Nukta Tatu: Na saa je?

Kisanduku Namba Saba: Naondoka pale ilikuwa bado saa nne na dakika kumi.