Namba zilizobanwa kwa biti zinatoka ovyo, msaada wakuu

Kijana wa Indeksi: Wakuu, habari za usiku. Nina indeksi ya Lucene (maktaba ya programu ya kutafutia data) yenye idadi ya bidhaa ghalani, biti 16 kila namba. Nikisoma, 1 inatoka 256, na 300 inatoka 11265. Siku ya tatu silali, Jumatatu bosi anataka ripoti. Hesabu ya biti nakosea wapi? Nawasilisha.

Mama Seva: Mdogo wangu, bakapu unayo? Mimi diski ilinifia mwezi wa Ramadhani, nikaingiza ankara za miaka miwili kwa mkono. Usiguse kitu kabla ya kunakili.

Fundi Biti: 300 kwa baiti mbili, biti 8 kila moja, ni 01 2C kwa msingi wa 16. Igeuze, 2C 01, unapata 11265. Biti zako ni nzima, unasoma kinyume. Indeksi iliandikwa na toleo gani?

Kijana wa Indeksi: Hilo la toleo tuliache mkuu, nipe njia ya kugeuza tu.

Fundi Biti: Toleo gani?

Kijana wa Indeksi: La 8. Sasa niko 10.

Mpwa wa Tanga: Hii chai. Lucene 10 ikikuta indeksi ya 8 inagoma kuifungua, haikupi hata namba moja. Hiyo 11265 umeitoa wapi?

Kijana wa Indeksi: Si chai, kaka. Iligoma kweli, nikaandika kisomaji changu kwa kufuata muundo wa sasa. Kuindeksi upya siwezi, hifadhidata ya asili nilishaifuta, gharama za seva zilinizidi. Nimefika mistari 400, siachii hapa.

Mama Seva: Umefuta ya asili? Yarabi.

Fundi Biti: Ungesema mapema. Hadi toleo la 8, baiti yenye thamani kubwa, kama hiyo 01, ilitangulia. Toleo la 9, Desemba 2021, likageuza mpangilio. Kwa biti 16 utageuza na itakubali. Ukifika safu ya biti 12, namba mbili zinagawana baiti tatu: geuza kienyeji, utachanganya namba na jirani yake. Chukua Lucene 9 na kifurushi chake cha kusomea matoleo ya nyuma, toa namba zote, ziandike upya kwa 10. Na fanyia kwenye nakala.

Mpwa wa Tanga: Basi samahani, ndugu.

Kijana wa Indeksi: Nimenakili, nimefungua kwa 9. Imetoka 300. Nashukuru sana wakuu. Ila kisomaji changu nakimalizia, safu ya biti 12 nimeshaianza.